Popo Wenye Adabu

Nchi hii ipo, tena ipo karibu. Asiyeiona ni kwa sababu amesimama ndani yake. Jina lake haliandikwi hapa, kwa kuwa sheria yake inakataza kulitaja bila kutaja pamoja nalo vyeo vyake vyote, na vyeo hivyo vikitajwa karatasi itakwisha kabla ya hadithi kuanza. Basi tuiite Nchi, na wenyewe watatusamehe.

Nchi ina mlima uitwao Ng'andu. Mlima una mteremko, na mteremko una ukungu. Ukungu wa Ng'andu hushuka mchana kweupe, ukafunika barabara mpaka dereva akaendesha kwa kukumbuka tu. Kila mwaka magari yaligongana pale, na kila mwaka Serikali ilituma salamu za rambirambi ambazo, tuseme haki, zilikuwa zimeandikwa vizuri sana.

Aliyeziandika ni Nyamizi Lufunga, mwanamke mtaratibu, asiyependa neno lizidi wala lipungue. Mumewe, Shija, alikuwa dereva wa lori, na mlima ule aliupanda na kuushuka kila wiki. Kwa hiyo kila alipoandika rambirambi Nyamizi aliacha nafasi ya jina wazi, akaandika mengine yote, na mguu wake chini ya meza haukutulia mpaka jina lilipoletwa, nalo likawa la mume wa mwingine.

Ndipo kilipokuja chombo.

Kilikuwa kisanduku chenye ukubwa wa mkate, kilichofungwa kwenye pua ya gari. Kilirusha mawimbi yasiyoonekana. Mawimbi yakagonga kilichoko mbele, yakarudi, na kisanduku kikajua kama ni mwamba, ng'ombe au basi, kiko umbali gani na kinakwenda kasi gani. Mawimbi yaleyale, bila kuongezewa kitu, yalibeba maneno hadi kwenye kisanduku cha gari jingine: mimi nimeona mwamba, wewe uliye nyuma ya kona simama. Mbele ya dereva palikuwa na taa mbili, ya kijani ya kumwambia nenda na nyekundu ya kumwambia simama. Serikali ilikiita Chombo Unganishi cha Taifa cha Kuona na Kunena. Watu wakamkumbuka yule mnyama arukaye gizani akipiga kelele ili aone, wakakiita popo.

Tatizo lilikuwa moja tu. Katika Nchi, mambo yote ya kuona yako chini ya Wizara ya Ulinzi wa Macho, na mambo yote ya kusema yako chini ya Wizara ya Kauli. Kila wizara ilimtaka popo awe wake. Iliundwa tume, na tume ikaagiza wimbi likatwe katikati, nusu iende huku na nusu iende kule. Mhandisi mmoja akasema wimbi halikatiki. Akaombwa aandike na kutia saini kwamba kuna kitu Serikali imeshindwa kukikata. Hakuandika; alikuwa na watoto.

Mwishowe hekima ilipatikana. Kuona kuna adabu yake, na kusema kuna adabu yake. Basi jambo zima ni la adabu. Ikaanzishwa Mamlaka ya Adabu za Mawimbi, na Dakta Fumbwe Ungando akateuliwa kuwa Mkurugenzi Mkuu wake, mtu ambaye tangu apate cheo hakuwahi kujifungulia mlango. Nyamizi naye akahamishiwa huko, akapewa Kitengo cha Salamu.

Alipokea barua ya uhamisho kwa furaha. Kuandika kitu kabla ya ajali, aliwaza, ni bora kuliko kuandika baada yake.

Majaribio ya kwanza yalifanyika katika uwanja wa Mamlaka. Gari la Dakta Ungando lilikuwa likirudi nyuma kutafuta kivuli, na gari la taka lilikuwa limesimama langoni. Ghafla ndani ya gari la Mkurugenzi taa nyekundu ikawaka na sauti ikalia: "Simama! Mtaro!"

Dereva wake, Kingwaba, akakanyaga breki. Gurudumu la nyuma lilikuwa limebakiza kidogo tu liingie mtaroni. Kingwaba akazunguka, akamfungulia bosi wake mlango, na Dakta Ungando akashuka mishipa ya shingo imemsimama.

"Nani aliyesema vile?"

"Ni popo wa gari la taka, Mheshimiwa," alisema Nyamizi.

"Gari la taka linaniambia mimi simama? Halikubisha hodi, halikuniamkia, halikuuliza hata nimelalaje?"

"Limekuokoa na mtaro, Mheshimiwa."

"Mtaro ningeuona mwenyewe baada ya kuingia." Akalinyooshea gari la taka kidole. "Na hivi sasa linafanya nini?"

"Linakuona tu, Mheshimiwa. Ndiyo kazi yake."

"Linanikazia macho," alisema Dakta Ungando kwa sauti ya chini, kama mtu aliyegundua njama.

Kabla jua halijatua agizo lilikuwa limetoka. Kila gari la Nchi lipewe cheo, kufuatana na cheo cha anayepanda. Popo wa mdogo akihisi mbele yake kuna gari la mkubwa, ainamishe macho chini. Kisha aamkie, kisha aulize habari, na ajibiwe polepole, kwa sababu salamu ya haraka ni tusi. Na jibu la kwanza liwe Njema.

"Hata msibani," Dakta Ungando alieleza kikaoni, "mtu huulizwa habari akasema njema. Baada ya hapo ndipo husema ila. Sisi hatujawahi kuwa watu wa kuanza na ila."

Mhandisi alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, popo akisikia njema atawasha taa ya kijani."

"Na akisikia ila?"

"Nyekundu."

"Basi ugomvi wako uko wapi? Zote zitawaka."

Wajumbe walicheka, na mhandisi akacheka nao ili asiachwe peke yake.

Ilibaki kujadili mikokoteni, magari ya taka na magari ya mkaa. Haya yaliandikwa Bila Cheo, na hayakutungiwa salamu yoyote, maana mjumbe mmoja aliuliza nani atayasalimia, na hakuna aliyejitolea. Popo wao waliachwa kama walivyotoka kiwandani.

Nyamizi alizitunga salamu zile kwa uangalifu. Si kwamba hakuziamini. Alilelewa katika nyumba ambayo mtu haombi chumvi kabla hajauliza hali ya mgonjwa. Lakini siku alipozimaliza alizisoma kwa sauti, pamoja na vituo vyake, huku akitembea kutoka jikoni kwake hadi dukani kwa Mangi kununua sabuni. Alifika dukani, akanunua, akageuka, na neno Ila lilikuwa bado halijafika.

Alirudi kwa Mkurugenzi. "Mheshimiwa, naomba tupunguze. Tutoe habari za matairi."

"Bi Nyamizi, tairi ni mguu wa gari. Utamtembelea mtu ana mguu mbovu usimuulize mguu?"

"Nitamuuliza. Lakini kama nyumba inaungua..."

"Ndiyo maana hatuchomi nyumba," alisema Dakta Ungando kwa upole, akamrudishia karatasi zake.

Shija yeye alifurahi sana popo alipofungwa kwenye lori lake. Asubuhi moja wakinywa chai alimuuliza mkewe, "Mama Milembe, hebu niambie wewe uliyetunga. Nikiona kijani kwenye ule ukungu, niachie breki?"

Nyamizi alikuwa akimimina chai. Aliendelea kumimina mpaka ikafurika kisahani.

"Wewe shuka polepole tu," alisema.

"Polepole nashuka miaka yote. Nauliza kuhusu kijani."

"Baba Milembe, kunywa chai."

Uzinduzi ulifanyika kileleni Ng'andu, na siku hiyo jua lilikuwa limewaka kana kwamba nalo limealikwa. Shija alipata kazi ya kupandisha viti na maturubai. Nyamizi alikuja katika gari la Mkurugenzi, amepakata kishikwambi cha vyeo, ambacho ndani yake mlikuwa na kila gari la Nchi na daraja lake. Alikuwa amepanga kuomba tena matairi yatolewe. Alitafuta nafasi kabla ya hotuba, hakuipata. Akaitafuta wakati wa hotuba, na hotuba haikuwa na mahali pa mtu mwingine kuvutia pumzi.

"Zipo nchi ambazo magari yao yanaona mbali," Dakta Ungando alinguruma. "Lakini je, yanaona kwa heshima? Zipo nchi ambazo magari yao yanasema upesi. Lakini upesi huo yanaupeleka wapi? Sisi, ndugu wananchi, tumekuwa taifa la kwanza duniani ambalo gari lake halitagonga gari jingine kabla ya kulijulia hali!"

Makofi yalipigwa kama ratiba ilivyosema. Ngoma zikachezwa, pilau likaliwa, na msafara ukaanza kushuka. Walinzi walitangulia na gari lao. Nyuma ya Mkurugenzi hapakuwa na mtu, isipokuwa, baadaye, lori la viti na basi la wacheza ngoma.

Ukungu uliwapokea kwenye kona ya pili.

"Kingwaba, simama," alisema Dakta Ungando ghafla. "Neno la shukrani halikutolewa."

"Mkuu?"

"Nimehutubia, nimekata utepe, nimekula. Hakuna aliyesimama kunishukuru. Geuza gari."

"Hapa, Mkuu? Hapa ni konani."

"Shukrani haichagui mahali."

Kingwaba akageuza. Alikwenda mbele kidogo, akarudi nyuma kidogo, akaenda mbele tena, kisha gari likashtuka na kuinama: magurudumu ya nyuma yalikuwa mtaroni. Akakanyaga mafuta, matope yakaruka. Gari lilikuwa limelala njia nzima, ubavu umeelekea juu ya mlima.

Nyamizi aliwasha simu. Hakuna mtandao. Akafungua kishikwambi, ambacho hakikuhitaji mtandao bali mawimbi ya popo, akasoma. Lori. Mzigo: viti. Dereva: Shija Lufunga. Lilikuwa limeshaacha kilele.

Wakati huohuo popo wa gari lao akapokea maneno, na sauti nyembamba ya lori ikatoka kwenye dashibodi: "Shikamoo, Mheshimiwa."

"Sikia!" Dakta Ungando alitabasamu. "Sikia jinsi linavyoamkia."

Gari la Mkurugenzi halikujibu mara moja. Mkubwa hajibu mara moja. Mwishowe likasema, "Marahaba."

"Habari za mbele?"

"Njema."

Huko juu, ndani ya ukungu, Nyamizi aliiona kwa akili yake taa ya kijani ikiwaka mbele ya uso wa mumewe.

"Mheshimiwa, tushuke. Tushuke sasa hivi."

"Walinzi hawapo, na Kingwaba yuko kwenye usukani. Nani atanifungulia?"

"Habari za injini?" liliuliza lori. "Njema," lilijibu gari.

Kingwaba alilaza mkono kwenye honi. Ililia, na ukungu ukaimeza kama pamba inavyomeza maji. Nyamizi alifungua mlango, akaweka mguu mmoja barabarani, akafikiria kukimbia kupanda mlima, akamwona kwa mawazo Shija anatokea na lori limejaa viti, naye Nyamizi yuko mbele ya taa zake. Akaurudisha mguu ndani. Akakivuta kishikwambi mapajani. Alipekua madaraja kwa kidole, juu, chini, juu tena.

"Mheshimiwa, nakushusha cheo."

"Unasema nini?"

"Lori limeinamisha macho kwa sababu yako. Halituoni. Na gari lako halitasema Ila mpaka limalize salamu. Nikikushusha litatuona. Kishikwambi kinahitaji kidole gumba chako tu, hapa."

"Habari za matairi?" "Njema."

Dakta Ungando aliutazama ukungu, kisha kishikwambi. Jasho lilianza kumtoka, lakini alikuwa mtu wa kanuni. "Nishushe uniweke Naibu."

"Naibu pia huinamishiwa macho."

"Mkuu wa Mkoa."

"Pia."

"Diwani, basi! Diwani ni mtu mdogo kabisa."

"Diwani ndiye anayesalimiwa kuliko wote, Mheshimiwa, ana uchaguzi. Ni Bila Cheo au tufe."

"Bila Cheo? Sawa na mkokoteni?"

"Habari za abiria?" "Njema."

Sasa walilisikia lori lenyewe. Lilikuwa likija kwa mngurumo mwepesi wa gari ambalo dereva wake ameachia.

"Nitakuwa mkokoteni mpaka lini?" aliuliza Dakta Ungando. "Kuna barua? Kuna kumbukumbu zozote kwamba nilikuwa..."

"Samahani, Mkuu," alisema Kingwaba, akageuka kwenye kiti na kumkamata bosi wake kifundo cha mkono. Nyamizi alikishika kidole gumba kama mtu anavyoshika kuku shingo, akakibandika kwenye kioo.

Gari lilipiga ukelele. Haukuwa na shikamoo wala marahaba. "Simama! Nimekwama mbele yako! Simama! Simama!"

Juu yao breki zilipiga mluzi mrefu. Taa mbili za manjano zilijitokeza kwenye weupe, zikakua, zikaenda upande, zikarudi. Lori liliteleza, likainamisha pua, na bampa lake likaja likalala ubavuni mwa gari la Mkurugenzi kwa upole, likabonyeza mlango. Kisha kamba zikakatika, na viti vya plastiki vikanyesha juu ya paa kimoja kimoja, mpaka vikaisha.

Shija alishuka akiwa ameshika kofia mkononi, hajui kwa nini ameishika.

"Mna wazimu? Nani anaegesha..." Akamwona. "Mama Milembe?"

Nyamizi alikuwa amesimama kati ya viti. Alimgusa mumewe begani, akamgusa shingoni, akamgusa tena begani, kama anayehesabu mzigo uliorudi.

"Ilikuwa kijani," alisema Shija. "Kijani kabisa. Nikasema mke wangu ndiye aliyetunga hii, hawezi kunidanganya. Nikaachia."

Nyamizi alichukua ile kofia, akamvika. Mwanamke aliyewaandikia wajane wa Nchi nzima maneno ya kufaa akaiweka sawa kofia ile mara mbili.

Hapakuwa na muda wa zaidi, kwa sababu basi la wacheza ngoma lilikuwa linashuka. Gari la Mkurugenzi likalipigia kelele ileile bila kulijulia hali. Basi likasimama mbali, tena vizuri, na wacheza ngoma wakashuka na njuga zao miguuni, wakakuta jambo la kusukuma. Ukungu ulikuwa mzito. Mtu alimwona jirani yake kuanzia kiunoni kushuka. Mlango wa Mkurugenzi ulikuwa umebonyea, ikabidi atokee dirishani, akivutwa.

"Wewe mzee wa suti!" alipaza sauti mwanamke mmoja mnene aliyekuwa ameshika bampa. "Unasubiri kadi ya mwaliko? Shika hapa!"

"Mimi ni..." alianza Dakta Ungando.

"Wewe ni mzito, ndiyo maana gari limezama. Sukuma!"

Akasukuma. Watu waliokuwapo wanasema alisukuma vizuri kwa mtu asiyezoea, na gari likatoka.

Lilipotoka alikuja kwa Nyamizi, suti imejaa matope mpaka kifuani. "Haya, Bi Nyamizi. Nirudishie cheo changu."

Nyamizi alitazama juu ya mlima. Shija alikuwa amejilaza chini ya lori, kati ya bampa na barabara, akiangalia bomba la breki. Huko kileleni bado kulikuwa na magari ya wageni.

"Siwezi, Mheshimiwa."

"Huwezi au hutaki?"

"Kanuni ulizotia saini zinasema kushuka ni kwa kidole cha mwenyewe, lakini kupanda ni kwa kikao cha Mamlaka."

"Basi kikao kiitwe kesho asubuhi."

"Kikao huitishwa na Mkurugenzi Mkuu."

Dakta Ungando alifikiri. Alipangusa tope kifuani, huku gari lake likilipigia kelele gari jingine lililokuwa likishuka. "Na Mkurugenzi Mkuu hivi sasa ni nani?" aliuliza.

Nyamizi hakujua, na mpaka leo Nchi haijajua. Gazeti la Serikali liliandika kwamba mfumo umefanya kazi kwa mafanikio makubwa na kwamba uchunguzi unaendelea dhidi ya lori lililomkazia macho Mkurugenzi. Salamu hazijafutwa, kwa kuwa wa kuzifuta hayupo. Ila madereva wa Ng'andu, watu wasio na subira, wameanza kwenda wenyewe kwenye Mamlaka, mmoja mmoja, wakiomba kwa heshima zote wavuliwe vyeo. Waziri mmoja naye alikwenda, usiku wa manane, amejifunika kanga ya mkewe.

Siku ile, viti vilipokwisha kupakiwa, Nyamizi alimwachia Kingwaba kishikwambi akapanda lori la mumewe. Shija aliwasha injini, akatia gia ndogo, wakaanza kushuka. Taa ya kijani iliwaka. Shija aliitazama, kisha akamtazama mkewe, na mguu wake ukabaki kwenye breki. Nyamizi naye alikaa amekodolea weupe ule mbele ya kioo, na mpaka walipofika chini kabisa, mahali penye jua na wauza mahindi, mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu kwa nguvu zake zote, upande ambao gari halikuwekwa breki.